Miezi 14.3 si umri uliobaki

Swali limetoka kwa msomaji wa Kisauni, nami nimelifupisha kidogo:

"Daktari, shikamoo. Ami yangu ana miaka 58. Karibu miaka mitatu sasa anaharisha mara sita, mara nane kwa siku, na joto la ghafla linampanda kutoka kifuani hadi usoni. Ametibiwa amiba, homa ya matumbo, na vidonda vya tumbo. Mwezi uliopita picha ya CT ikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mwembamba na madoa kwenye ini. Majibu ya maabara yanasema 'uvimbe wa nyuroendokrini, daraja la 1, Ki-67 asilimia 2'. Daktari mwengine ameandika 'karsinoidi'. Wanataka kumwanzishia sindano ya oktreotaidi kila wiki nne. Binamu yangu ametafuta kwenye simu akapata utafiti wa Mjerumani aitwaye Rinke, kwamba waliodungwa sindano hiyo walifika miezi 14.3 na wasiodungwa miezi 6. Tangu siku hiyo nyumba haina raha. Ami amejiandikisha Umra mwaka ujao, na mkewe anasema pesa zirudishwe. Je, ana miezi kumi na minne tu? Na kweli ndio ugonjwa uliomuua Irrfan Khan, yule mwigizaji wa filamu za India?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lililowanyima usingizi: hapana. Hiyo 14.3 haikuhesabu maisha ya mtu. Binamu yako ameisoma namba sawasawa, kisha akaipachika kwenye swali ambalo watafiti hawakuliuliza. Simlaumu sana, maana nimewaona hata madaktari vijana wakiteleza papo hapo.

Utafiti wenyewe unaitwa PROMID. Ulichapishwa 2009, na Anja Rinke wa Marburg, Ujerumani, ndiye wa kwanza kwenye orodha ya waandishi. Walianza kusajili wagonjwa 2001 wakiwa na hesabu ya kupata 162. Ugonjwa ni adimu, watu hawakupatikana kwa wingi huo, na kufikia 2008 walikuwa na 85. Nusu yao walidungwa oktreotaidi ya miligramu 30 kila mwezi, nusu wakadungwa sindano isiyo na dawa, na mgonjwa hakujua yuko upande gani. Kisha wakawa wanapigwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Swali lilikuwa moja: itachukua muda gani mpaka picha ionyeshe kwamba uvimbe umekua kupita kipimo kilichowekwa?

Basi hiyo ndiyo 14.3, na ile 6 ya upande wa pili. Ni miezi mpaka uvimbe ukue kwenye picha. Mtu aliyefika hapo hakuzikwa. Pengine siku hiyo alikuja kliniki kwa miguu yake, akaambiwa "umeongezeka kidogo", akarudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Kuna na jambo la pili. Hiyo 14.3 ni muda wa mtu wa katikati. Chukua watu kumi na mmoja kwenye foleni ya feri Likoni, uwapange kwa dakika ambazo kila mmoja aliongoja. Wa sita ndiye wa katikati. Tuseme yeye aliongoja dakika 20. Hilo halina maana kwamba kila mtu alipanda dakika ya 20, wala halikwambii kama wa kumi na moja aliongoja nusu saa au alikesha pale pale. Katika ugonjwa huu wa kwenda polepole, walio nyuma ya yule wa katikati wanaweza kuwa nyuma sana, na wao ndio hawaonekani kwenye namba moja iliyonukuliwa kwenye simu.

Sasa karatasi ambayo binamu yako hakuifikia. Mwaka 2017 Rinke na wenzake walirudi kwa wagonjwa wale wale na safari hii wakauliza swali lenu: waliishi muda gani? Kwa waliopangiwa dawa tangu mwanzo, muda wa kati ulikuwa miezi 84.7. Kwa waliopangiwa sindano bandia, miezi 83.7. Gawanya kwa kumi na mbili: ni miaka saba. Na kumbuka hao ni watu ambao ugonjwa wao ulikuwa umeshapita hatua ya kuponeka kwa upasuaji, na karibu wote walikuwa na Ki-67, kipimo cha kasi ya seli kugawanyika, isiyozidi asilimia 2, kama ami yako.

Najua utauliza: kama pande zote mbili zimekaribiana hivyo, sindano ina faida gani? Swali zuri, na ukiulizwa kinyumbani usilikwepe. Wengi wa waliokuwa kwenye sindano bandia walihamishiwa dawa yenyewe uvimbe wao ulipokua. Usingekuwa uungwana kuwaacha. Kwa hiyo mwishowe unalinganisha walioipata mapema na walioipata baadaye, si walioipata na walioikosa. Mimi kwa maoni yangu husema hivi: PROMID imeonyesha vizuri kwamba oktreotaidi inaufunga breki uvimbe. Kwamba inarefusha maisha, utafiti huo haukuweza kuthibitisha, na atakayewaambia umethibitisha amewaongezea chumvi. Lakini ami yako ana sababu nyingine ya kudungwa, nayo ni kuharisha na joto. Kazi hiyo dawa hii imekuwa ikiifanya tangu miaka ya 1980, kabla hata PROMID haijafikiriwa.

Ndani ya makala ya 2009 kuna mstari mmoja ambao ningependa mwende nao kliniki. Waliofaidika zaidi ni wale ambao ugonjwa ulikuwa umechukua sehemu ndogo tu ya ini, asilimia 10 au chini, na ambao uvimbe wa kwanza ulikuwa umeshakatwa. Kwa hiyo muulizeni daktari mambo mawili: ini limeshikwa kiasi gani, na je, daktari wa upasuaji ameitazama ile picha ya utumbo? Uvimbe wa utumbo mwembamba una tabia ya kuivuta na kuikunja nyama inayoushikilia utumbo, mpaka siku moja njia inaziba. Wakati mwingine huondolewa hata ini likiwa na madoa, kwa ajili hiyo tu.

Binamu yako akiendelea kuchimba atakutana na CLARINET, ya Martyn Caplin wa London na wenzake, 2014. Hiyo ilijaribu lanreotaidi, ambayo ni kama ndugu ya oktreotaidi, kwa wagonjwa 204. Baada ya miezi 24, asilimia 65 ya waliopewa dawa walikuwa hai bila uvimbe kukua, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Namba nzuri. Lakini angalia mlangoni waliingizwa nani: uvimbe wao haukuwa na dalili za homoni kama za ami yako. Yeye angekataliwa. Hii ndiyo sababu mimi huanza kusoma utafiti kwenye sehemu ya waliokubaliwa na waliokataliwa, majibu baadaye. Kisha atakutana na NETTER-1 ya 2017, ya dawa yenye mionzi ya lutesiamu inayopelekwa hadi kwenye seli za uvimbe. Asilimia 65 walikuwa bado hawajaongezeka kufikia mwezi wa 20, dhidi ya 11 hivi waliopewa oktreotaidi ya dozi kubwa. Waliosajiliwa humo ni ambao ugonjwa ulikuwa umeshaikimbia dozi ya kawaida. Hamjafika huko, msianze kuuza shamba.

Yale majina mawili yasiwachanganye. Mwaka 1907 mwanapatholojia wa Munich, Siegfried Oberndorfer, aliona vivimbe vidogo kwenye utumbo mwembamba ambavyo chini ya hadubini vilifanana na saratani lakini havikuonekana kuwa na ukali wake. Akaviita karsinoidi, yaani "vinavyofanana na saratani". Mwaka 1929 yeye mwenyewe akakiri kwamba vingine husambaa. Nampenda mzee huyu kwa hilo, maana si kila mtu husahihisha jina alilolibuni mwenyewe. Miaka minne baadaye utawala wa Hitler ulimfukuza kazini kwa kuwa Myahudi, akahamia Istanbul na kufia huko. Jina la karsinoidi likabaki, ingawa siku hizi tunasema uvimbe wa nyuroendokrini, kwa sababu unatokana na seli zenye tabia mbili, ya neva na ya kutoa homoni. Madaktari wenu wawili wameandika ugonjwa mmoja.

Na Irrfan Khan? Yeye mwenyewe alitangaza Machi 2018 kwamba ana uvimbe wa nyuroendokrini, akafariki Aprili 2020. Steve Jobs wa Apple naye alikuwa nao, wa kongosho. Aligunduliwa 2003 akafariki 2011. Miwili kwa mmoja, minane kwa mwingine. Jina la ugonjwa ni kama jina la ukoo, halikwambii tabia ya mtoto. Tabia inaonyeshwa na ile Ki-67: katika kila seli mia, ni ngapi zinajiandaa kugawanyika. Chini ya 3 ni daraja la 1, kutoka 3 hadi 20 ni la 2, zaidi ya 20 ni la 3. Ami yako ana 2. Mengine yanayohusu ini na moyo bado hayajapimwa, lakini hapo kwenye daraja mmepata habari njema, na nashangaa hakuna aliyewaambia.

Miaka mitatu. Hapo nina neno, na nalisema kwa sisi waganga, si kwa familia. Vitabu tulivyosomea vinaeleza dalili hii kama uso kuwa mwekundu, na picha zake ni za Wazungu. Mtu mweusi akipandwa na hilo joto, mwenye kumtazama haoni kitu. Yeye analihisi linafukuta, pengine jasho halitoki hata kidogo, na akimweleza daktari anapewa cha malaria. Kuharisha nako kwenye mji wetu kuna majibu mengi yaliyo karibu: maji ya kisima, amiba, chakula cha barabarani. Huko ng'ambo wanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba ukisikia kwato ufikirie farasi, usifikirie punda milia, na wagonjwa wa uvimbe huu wakamchukua punda milia kuwa alama yao. Sisi ambao tukitoka Mombasa saa chache tu tunawaona punda milia Tsavo wakila majani kando ya reli, mfano huo hautukai vizuri. Ila nauelewa. Marekani, idadi ya wanaogunduliwa ilipanda kutoka kama mtu 1 kwa kila watu 100,000 mwaka 1973 hadi karibu 7 mwaka 2012, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba picha na kamera za tumboni ziliongezeka. Hawakuwa hawapo. Hawakuwa wanatafutwa.

Twende kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu bila kujua. Ami ataombwa kukusanya mkojo wa saa 24, watafute mabaki ya serotonini, ile homoni inayomharisha. Vyakula kadhaa vina serotonini yao wenyewe na vitayavuruga majibu: ndizi, nanasi, parachichi, nyanya, biringani. Hebu fikiria jiko la Mswahili bila nyanya! Lakini ni siku tatu tu, kabla na wakati wa kukusanya. Wali mweupe na samaki wa kuchoma haviharibu kitu. Panadol nazo amwambie daktari kabla hajazinywa, kwani baadhi ya mashine huchanganyikiwa nazo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi aumwage chooni, aandike saa, kisha kila tone baada ya hapo liingie kwenye chombo cha maabara mpaka saa hiyo hiyo kesho yake, pamoja na ule wa alfajiri. Chombo kikae mahali pa baridi na giza. Kwa joto letu hapa, hilo ni friji au boksi la barafu.

Wakimpima kromogranini A, protini inayotolewa na uvimbe wa aina hii, katika damu, muulizeni kwanza kuhusu omeprazoli. Mtu aliyetibiwa vidonda vya tumbo muda mrefu karibu lazima awe anazimeza, na dawa hiyo peke yake huipandisha kromogranini ikaonekana kama uvimbe umechachamaa. Huachwa kama wiki mbili kabla ya kipimo, kwa idhini ya daktari wake.

Kipimo ambacho sijakiona kwenye barua yako, nami nisingelala bila hicho, ni eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Serotonini inayotoka utumboni kwa kawaida huvunjwa na ini. Uvimbe ukishakaa ndani ya ini lenyewe, homoni inamwagika kwenye damu inayokwenda upande wa kulia wa moyo, na vali za upande huo zinaota kovu na kukakamaa. Upande wa kushoto husalimika zaidi kwa sababu mapafu huisafisha damu njiani. Miguu ikianza kuvimba watu husema ni uzee au chumvi. Fanyeni eko sasa, kabla ya dalili, ipatikane picha ya mwanzo ya kulinganishia.

Mkishauriwa kwenda Nairobi kwa picha ya PET, kabla hamjakata tiketi ya treni ulizeni ni kifuatiliaji gani kitakachotumika, yaani kile chenye mionzi anachodungwa mtu ili uvimbe uwake kwenye picha. Ile ya kawaida hufuata sukari, na uvimbe wa daraja la 1 hauna njaa ya sukari. Unaweza kulipa pesa zote hizo ukaonyeshwa picha safi yenye kudanganya. Inayofaa ni ya galiamu, ambayo hujishika kwenye vipokezi vile vile ambavyo oktreotaidi hujishika. Ikiwaka, mnajua pia kwamba sindano ina pa kushika.

Sindano yenyewe hudungwa ndani kabisa ya msuli wa tako. Huhifadhiwa kwenye friji, hutolewa ikae nje kama nusu saa hadi saa moja, ndipo ichanganywe na kudungwa mara moja. Muuguzi asiye na uzoefu nayo akiharakisha, inagandia ndani ya bomba na dozi ya mwezi mzima imepotea, nayo si rahisi bei. Ombeni adungwe na mtu aliyeishaifanya. Miezi ikienda, dawa inaweza kuleta vijiwe vya nyongo na kuyumbisha sukari. Pia inaweza kumfanya ami atoe choo chenye mafuta, kinachoelea. Huko ni kuharisha kwa aina nyingine, kunakotibiwa kwa vimeng'enya vya kongosho, na si dalili kwamba dawa imeshindwa. Watu huacha sindano kwa kutolijua hili.

Akitakiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri au jicho, daktari wa ganzi aambiwe mapema. Uvimbe ukibughudhiwa akiwa usingizini unaweza kumwaga homoni kwa mkupuo na presha ikaanguka. Wakijua, hujiandaa na oktreotaidi mkononi.

Chakula: pilipili, pombe, na mlo mkubwa wenye mafuta mengi huamsha joto kwa wengi, si kwa wote. Biriani haijaharamishwa, apunguze sahani. Ngozi ikianza kuwa nyeusi na kupasuka sehemu zinazopigwa na jua, mwambieni daktari. Uvimbe huila malighafi ambayo mwili ungetengenezea niasini, mojawapo ya vitamini B, na upungufu wake hutibika kwa vidonge rahisi. Mwarobaini aache kwa sasa. Ini lake lina kazi ya kutosha.

Na sasa Umra. Msirudishe pesa. Panga safari wiki moja au mbili baada ya kudungwa, wakati dawa imekolea, badala ya siku za mwisho kabla ya dozi inayofuata. Ikiangukia katikati ya safari, daktari anaweza kuisogeza siku chache. Aombe barua yenye jina la ugonjwa na dawa, na achukue vichupa vichache vya oktreotaidi ya muda mfupi, ile ya kudungwa chini ya ngozi, kwenye mfuko wa barafu atakaoingia nao ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini. Abebe na pakiti za maji ya chumvi na sukari, maana kuharisha kwenye joto la Makka humkausha mtu upesi. Asafiri na mtu anayejua kumdunga. Hilo ni somo la nusu saa kliniki, na wewe mwenye kuandika barua ndefu namna hii unaliweza.

Jambo moja hukuliandika lakini nalikisia, kwa sababu wazee wenye tatizo hili hunong'oneza mwishoni kabisa, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango: kwamba ameacha kwenda msikitini akihofia udhu kumvunjika safuni, na tawafu ndiyo inayomtisha zaidi ya saratani. Mwenye udhuru wa kudumu ana hukumu yake, mkamuulize sheikh wenu kabla ya safari. Mimi langu ni mwaka ujao awe anakwenda chooni mara mbili badala ya nane, na sindano ya kwanza aidungwe wiki hii.